Mgeni Asiye na Kadi
Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa Halmashauri ya Walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Wapendwa viongozi wa walei, makatekista, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA, na ninyi nyote mliotoka katika vigango vya mbali kuja kutusikiliza, Tume imetuomba tuzungumze juu ya vijana wageni katika miji na vijiji vyetu vya dhahabu, na hasa juu ya maisha yao katika miaka ile ya korona. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini turudie jambo lililokwisha kupita. Barakoa tumeziweka kando, na zile ndoo zenye koki zilizosimama milangoni mwa makanisa yetu, nyingi zimeishia jikoni kwa paroko. Tunarudi huko kwa sababu liko deni ambalo halijalipwa, na sisi tunaozungumza tumo miongoni mwa wadaiwa.

Tuanze na mazishi.

Mwezi Februari mwaka 2021, katika parokia moja ya ukanda huu tuliyokuwa tukihudumu, walitujia asubuhi vijana wanne, vumbi la karasha lingali kwenye kope zao. Mwenzao wa tano alikuwa amefariki usiku ule katika kituo cha afya. Hawakumjua jina. Yaani, walilijua jina la utani, lililotokana na timu ya mpira aliyoipenda, na walilala naye chumba kimoja kwa miezi minane. Lakini jina lake la ubatizo, jina la baba yake na kijiji alikozaliwa hawakuvijua. Mmoja alidhani ni mtu wa Kibondo. Mwingine akakataa, akasema alimsikia akizungumza Kisukuma kwenye simu. Walichokuwa nacho mkononi ni rozari ya plastiki waliyoikuta katika mfuko wa suruali yake, na ni kwa ajili ya rozari hiyo wakaja kwetu.

Tulimwita mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule, mtu mwema na mchapakazi, ambaye hata leo tunamheshimu. Aliuliza maswali yale ambayo sisi wenyewe tulimfundisha kuyauliza. Huyu ni wa jumuiya gani? Kadi yake iko wapi? Zaka alikuwa akitoa wapi? Vijana wale wakatazamana. Nasi, ndugu zangu, tulinyamaza. Tuliogopa maambukizo; tuliogopa pia manung'uniko ya waamini wanaolipa michango yao kila mwezi; tena tulikuwa tumekwisha kuzika mara tatu juma lile. Tukasema katekista ataangalia. Katekista akaenda kwa moyo wake mwenyewe, akamzika pembezoni mwa makaburi, akiwa na vijana wale wanne na dereva wa bodaboda aliyemkimbiza mgonjwa kituoni. Msalaba ulikuwa wa mbao za kreti, na juu yake waliandika lile jina la timu.

Simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, hata hawakuweza kumtafuta ndugu yeyote. Siku ya sita ikaita yenyewe, na jina lililotokea ni Mama. Hayo yaliyosemwa hatutayaeleza kwa kirefu. Mama yule, alipokwisha kulia, aliuliza kama kulikuwa na padre.

Sasa tuwatazame vijana hawa ni akina nani, maana tunaishi nao na hatuwajui. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamekaribia milioni 3. Watu hao hawakuzaliwa wote hapa. Kuhama kwa ajili ya madini si jambo jipya katika nchi yetu hii: babu zetu walikwenda Mwadui kwenye almasi tangu miaka ya 1940, na mgodi wa zamani wa Geita ulikusanya vibarua wa makabila mengi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wa leo wanatoka Maswa, Bariadi na Meatu mvua inapokosekana. Wanatoka Kasulu na Kibondo, Tarime, Ngara, Tabora. Wanashukia Geita mjini au Kahama wakiwa na begi moja, na kutoka hapo wanatawanyika: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola, Mwime, Mwakitolyo, na popote panaposikika kwamba rashi imetoka.

Wengi wetu tunadhani kijana wa machimboni ni mtu wa fedha nyingi na pombe nyingi. Wapo wa namna hiyo, nasi tumewaona. Lakini tuufuate mkondo wa riziki yake. Leseni ni ya mtu mmoja. Duara ni la mtu mwingine, ambaye amekubaliana na mwenye leseni. Kijana anaingia chini kwa kamba kwa chakula tu, pengine wiki nyingi, akingoja mawe yatoke. Yakitoka yanagawanywa kwa mifuko: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, gharama za matimba, mafuta ya jenereta na chakula, kinachosalia ndicho cha wachimbaji. Mfuko wake unakwenda karashani, na karasha lina bei yake. Unakwenda mwaloni, na zebaki inauzwa. Marudio anabaki nayo mwenye mwalo, wala si siri kwamba mara nyingi marudio hayo ndiyo yenye dhahabu zaidi. Asipopata kitu anarudi chini kwa deni. Hana mkataba. Nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu mwaka 2015, lakini mfuko huo unamtambua mfanyakazi mwenye mwajiri, na huyu wetu ukimwuliza mwajiri wake ni nani, atakuonyesha shimo.

Usiku analala katika chumba cha kupanga, wanne au watano pamoja, na pengine kwa zamu, hawa wakiingia chini wale wanatoka. Maji wananunua kwa dumu. Tuliposimama mimbarini mwaka 2020 tukihimiza watu wanawe mikono kwa sabuni na maji tiririka, na wakae mbalimbali, tulikuwa tunasema kweli. Ila hatukufikiri sana kwamba kuna watu ambao dumu moja la maji lilikuwa la kupikia, kunywa na kuoga watu watano, na ambao umbali wa mita moja ungewatoa nje ya mlango. Chini shimoni hewa ni ile ile inayopulizwa kwa bomba, nao wamepangana kama njugu ndani ya ganda.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaanza kufungwa, na nyingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Hiyo miezi mitatu ilileta katika machimbo yetu kundi ambalo halikuwapo. Tuliona watoto wa darasa la sita na la saba wakiponda mawe kando ya mama zao, wakibeba maji mwaloni, wakiuza vitumbua kwenye maduara. Wavulana wa kidato cha pili walianza kushuka chini. Shule zilipofunguliwa, si wote waliorudi, maana aliyekwisha kushika noti yake mwenyewe, tena nyumbani kuna njaa, humwambii kwa urahisi akakae tena kwenye dawati. Wasichana wengine walirudi wakiwa na mimba. Mambo hayo tuliyaona kwa macho, na hatukuitisha kikao hata kimoja juu yake.

Kundi lingine lilitoka mijini. Utalii uliposimama, na ndege za kimataifa zilipozuiwa kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 18 Mei mwaka ule, vijana waliokuwa wakipika na kufua katika hoteli za Arusha na Zanzibar, na wamachinga wa Dar es Salaam walioishiwa mtaji, walikumbuka kwamba wana binamu Geita. Walikuja na mikono laini. Na hapa kuna jambo la ajabu: wakati huo huo dunia iliogopa, na wenye mali wakakimbilia dhahabu, hata mwezi Agosti 2020 bei yake ikapita dola 2,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Kijana aliyeshuka shimoni kwa chakula hakujua kwamba jiwe alilobeba lilikuwa halijawahi kuwa ghali namna ile. Soko la madini lilikuwa limefunguliwa Geita tangu Machi 2019, bei ikibandikwa hadharani, na hilo ni jema. Lakini sokoni anakwenda mwenye gramu. Mwenye mfuko wa mawe na deni anauza pale pale, gizani, kwa anayemdai.

Tuseme pia ukweli kwa upande mwingine. Serikali haikuwafungia watu ndani, na katika hilo vijana hawa waliokoka na njaa. Mtu anayekula cha leo ukimfungia siku arobaini umemhukumu. Sisi hatuko pamoja na wale wanaosema kwamba yote yaliyofanyika yalikuwa makosa. Kilichotuumiza ni kunyamaza. Hesabu ya wagonjwa ya taifa ilisimama kwenye 509, na vifo 21, ikabaki hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, huku sisi mapadre tukiwa makaburini. Watu walizoea kusema marehemu alipata changamoto ya kupumua, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu lilitoa onyo kwamba ugonjwa upo na waamini wajikinge. Mapema mwezi Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, akaeleza kwamba ndani ya miezi miwili tu Kanisa limewapoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Hao walihesabiwa kwa sababu wana mashirika na majimbo yanayowaandika. Vijana wa kwenye maduara nani aliwahesabu?

Kwao kikohozi si habari. Anayechoronga mwamba mkavu hukohoa. Anayesimama kwenye karasha hukohoa. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika hukaribisha kifua kikuu. Kwa hiyo katika chumba cha watu watano unaweza kumkuta mwenye vumbi, mwenye kifua kikuu na mwenye korona, wote wanakohoa sauti moja, wote wanakunywa tangawizi na malimao na kujifukiza nyungu ile ile. Hatudharau nyungu, bibi zetu walitufukiza nasi tukapona mafua. Ila kijana yule wa Februari alijifukiza siku nne, na ndizo siku nne alizopaswa kupelekwa hospitali. Bima hakuwa nayo. Ule Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kiasi ambacho watano wakichanga wangeweza. Lakini watano wanaopanga chumba si kaya. Kaya ina baba, mama na watoto. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuwaandika marafiki.

Na sasa tufike pale panapotuhusu sisi, maana chumba kile kilikuwa katika nyumba ya muumini wetu, mtoa zaka mwaminifu. Alipomsikia mpangaji wake akikohoa usiku, aliwaamuru wenzake wamtoe nje. Alilala siku mbili katika kibanda cha kuhifadhia mifuko ya mawe. Tulipomwuliza baadaye mwenye nyumba, hakujitetea kwa ukali. Alisema: Padre, nina wajukuu sita mle ndani. Tukakosa la kumjibu. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Sheria ya Musa iliwatenga wenye ukoma nje ya kambi, na jamii zote zimefanya hivyo kwa namna moja au nyingine. Lakini lilikuwapo jambo ambalo lingewezekana, nalo ni kumpelekea uji na maji pale kibandani, na kumpigia simu mmoja wetu. Hilo alilifanya mama ntilie mmoja asiye Mkristo, kwa mkopo ambao hakuna atakayemlipa.

Maneno tuliyoyasikia mitaani wakati ule yalitukumbusha utoto wetu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizokuja na biashara ya magendo kutoka Uganda. Ugonjwa wa wafanya magendo, walisema. Kisha ukawa ugonjwa wa madereva. Kisha ukawa ugonjwa wa wachimbaji. Kila mara ulikuwa wa mtu apitaye. Tulipokuwa watoto wa miaka ya 1990 tulijua nyumba ambazo hatukutumwa kupeleka chakula. Ulipofika katika nyumba za wenyeji, tena za wazee wa kanisa, ndipo tukaanza kuita kamati. Korona nayo iliitwa ugonjwa wa wazungu, kisha wa watu wa Dar, kisha, hapa kwetu, wa watu wa machimboni.

Wasukuma tunajua nzengo ni kitu gani. Mkaaji wa nzengo akifiwa, watu wote wanaacha majembe na kuja. Asiyekuja wakati wa wenzake, siku yake atachimba kaburi peke yake. Ni utaratibu wenye hekima, uliolinda vijiji vyetu kabla ya serikali na kabla ya misioni. Jumuiya Ndogo Ndogo zilipoenea miaka ya 1970 ziliota vizuri katika udongo wetu kwa sababu nzengo ilikuwapo. Lakini pamoja na uzuri wake tumechukua na ukali wake. Tumeigeuza kadi ya jumuiya kuwa stakabadhi ya mazishi. Mtu aliyehama mara nne kwa mwaka mmoja, kutoka rashi hadi rashi, atachangia nzengo ipi? Anayelala mchana kwa sababu usiku alikuwa mita sitini chini ya ardhi, atahudhuria jumuiya ya saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi namna gani? Nzengo ya zamani ilikuwa na desturi ya kumpokea mgeni: mwenyeji wake alimtambulisha, akajulikana. Hiyo desturi tumeiacha, tukabaki na faini.

Tazameni pia VIWAWA. Kirefu chake ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Katika parokia tulizopitia, VIWAWA ni wanakwaya na wanafunzi waliomaliza shule, watoto wa wenyeji. Wafanyakazi wenyewe, wale wenye malengelenge mikononi, hawamo. Tulimwuliza kijana mmoja wa Nyarugusu kwa nini haji. Akajibu kwamba alikuja mara moja, akaambiwa anunue sare.

Siku ile ya tarehe 26 Machi 2021 taifa lilimzika Rais John Pombe Magufuli kwao Chato, na barabara za mkoa huu zilijaa watu tangu alfajiri. Tulikuwapo, na tulilia pamoja na wengine, kwa kuwa alikuwa mtoto wa hapa. Tuliporudi usiku tulipita kando ya makaburi ya parokia, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba kuna mama alituuliza swali mwezi mmoja kabla, na hatujamjibu. Asubuhi tulikwenda tukasoma sala za mazishi juu ya udongo uliokwisha kukauka. Tulimpigia simu tukamwambia. Alishukuru. Alitutajia jina la mwanawe la ubatizo, na msalaba tumeubadilisha.

Ndugu wapendwa, tungeweza kuishia hapo kama ugonjwa ungekuwa umekwisha. Haukwisha, umebadilisha jina tu. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa mkoani Kagera. Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo, wilaya inayopakana na Chato, ambako vijana wetu huenda na kurudi kwa bodaboda kufuata dhahabu. Wagonjwa walikuwa wachache, na mwezi Machi mlipuko ukatangazwa kwisha, Mungu ashukuriwe. Lakini katika majuma yale tulisikia tena mwenye nyumba akiuliza mpangaji ametoka wapi, na tulisikia tena kiongozi akiuliza kadi.

Kwa hiyo tunayaleta mbele yenu mambo ambayo kamati ya parokia yetu imekwisha kuyajaribu, muyapime. Katekista wa kigango cha machimboni ana daftari la wageni. Kijana anaandikwa jina lake kamili, kijiji cha kwao, parokia alikobatizwa kama anaikumbuka, na namba ya simu ya ndugu mmoja, haulizwi zaka. Mwanzoni walikataa, wakidhani ni mambo ya polisi au ya kodi. Walipoelezwa kwamba ni ili mama apigiwe simu, walipanga foleni, na Waislamu na Wasabato wakaomba waandikwe nao, tukawaandika. Wenye nyumba za kupanga walio waamini wetu tumewaita pamoja, tukakubaliana kwamba mgonjwa hatolewi nje usiku. Anaitwa mhudumu wa afya ya jamii, na jumuiya ya mtaa inaleta chakula siku hizo. Wawili walikataa, tena wazi. Jumuiya ya vijana wa machimboni inakutana Jumapili saa tisa alasiri chini ya mwembe karibu na makarasha, bila sare. Na mazishi: parokia yetu haiulizi kadi tena kwa marehemu asiye na ndugu. Hilo limetuletea maneno mengi kutoka kwa wanaolipa, na tunajua hata humu ndani wapo wasiolipenda. Tutawasikiliza baada ya chakula.

Yale ya mkataba, ya mgawo wa mawe na ya watoto karashani ni makubwa kuliko parokia. Kuna ofisi ya madini, kuna ustawi wa jamii, kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo yatupasa kuuliza kwa sauti jinsi itakavyomfikia mtu asiye na kaya. Tume itaandika barua, na inahitaji ushahidi wenu: majina ya machimbo, idadi ya watoto mliowaona kwa macho yenu, tarehe. Msiandike tetesi.

Madaftari yapo juu ya meza ya katibu, mawili kwa kila kigango. Vigango vya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu vichukue matatu matatu.